Hita Iliyomkataa Mama Kalondu

Mama Kalondu alisema ataondoka Ijumaa, na mtu wa Tulia, kule Kitui, akishasema, amesema. Alilitoa neno hilo Jumatatu mchana, mwezi wa saba mwaka wa themanini na sita, akiwa jikoni kwa binti yake pale Makindu, anachambua ndengu kwenye uteo.

"Ijumaa asubuhi narudi kwangu. Asanteni kwa chakula."

Mutindi, binti yake wa pekee, aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Mwaitu," akamwita mamake kwa Kikamba, "umekosewa nini?"

"Nani amesema nimekosewa? Mgeni ni siku mbili. Mimi nimekaa miezi miwili, hata jembe sijapewa."

Uongo mtupu! Alikuwa amekosewa, na moyo ulikuwa unamchemka kuliko hiyo sufuria. Tena kwenda hakutaka hata kidogo. Kule Tulia ilikuwa ni yeye na kuku wanne. Mbuvi, mumewe, alikuwa kaburini mwaka wa tatu, na magoti yake mwenyewe yalikuwa yamekataa kazi. Hapa Makindu palikuwa na mtoto wake, kitanda cha magodoro mawili, na kanisa la kufika kwa mguu kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. Alitaka kukaa. Usiku na mchana alimwomba Mungu amjalie kukaa. Lakini mtu anakaaje kwa boma ambalo hata hita ya maji inamkataa?

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kesi yenyewe: hita ya gesi.

Ili kuijua kesi hii lazima kwanza umjue mama mwenyewe. Kalondu alizaliwa upande wa Kitui ambako mto ni mchanga mtupu miezi tisa kwa mwaka. Tangu akiwa na miaka saba alikuwa akishuka huko na kibuyu mgongoni, kamba yake imemkaa kwenye paji la uso, anachimba mchanga kwa mikono mpaka uwe na unyevu, halafu anakaa kitako kungoja. Maji yalikuja yakitaka. Uliyachota kwa kata, polepole, ukiyaharakisha yanachafuka. Akaolewa, akazaa, akazeeka, na mchanga ni ule ule. Alijua kuoga mwili mzima, kufua leso na kunyunyizia sakafu kwa maji ambayo mtu mwingine angenawa mikono tu yakaisha. Kina mama wa kanisa kule nyumbani walimtania kwamba Kalondu anaweza kuoga kwa jasho lake, na yeye aliwajibu kwamba wao wataoga machozi kiangazi kikifika. Kiangazi kikafika, njaa ya themanini na nne, na hakuna aliyecheka tena.

Sasa magoti yakaisha. Mwezi wa tano Mutindi alikwenda akamchukua, apende asipende.

Mumewe Mutindi aliitwa Waithaka, mtu wa Murang'a kwenye mito mingi, mwenye duka la spea kando ya barabara ya Mombasa. Mpole sana, maneno yake ya siku nzima unaweza kuyabeba kwa kiganja. Na kati yake na mama mkwe palikuwa na heshima ya ukwe, ile ambayo Wakamba na watu wa kwao Waithaka wote wanaijua vizuri: mkwe hakai meza moja na mama mkwe, hamkazii macho, na mambo ya kuoga na kulala hayatajwi kabisa. Kwa hivyo Waithaka alimjengea mama chumba chake nyuma ya boma, na bafu yake ya peke yake. Asubuhi walisalimiana kwa mbali, kila mmoja ameangalia kando kama anatafuta kuku aliyepotea. Maneno mengine yote yalipitia kwa Mutindi, naye alichoka akasema yeye si mke wala binti, yeye ni posta.

Halafu ndipo Waithaka akaleta hita kutoka Nairobi. Alisikia, kupitia posta, kwamba mama hawezi tena kuinamia ndoo, na kwamba baridi ya mwezi wa saba inamla mifupa. Hita ikatundikwa nje, kwenye ukuta wa jikoni, chini ya kibati, ili moshi wa gesi uende zake bila kumdhuru mtu. Mtungi wa gesi ulisimama chini yake. Bomba moja lilikwenda kwa bafu ya ndani ya nyumba, lingine kwa bafu ya mama, na huko akawekewa shawa na kigoda cha kukalia. Kwenye kidirisha cha hita uliona kimoto kidogo cha buluu kimekaa macho saa zote. Mtu akifungua maji, kile kidogo kinaamsha wakubwa: bwuuu! Maji yanatoka moto.

Kwa Waithaka yalitoka moto. Kwa Mutindi yalitoka moto. Kwa Mama Kalondu, baridi!

Alikuwa akioga saa kumi jioni, mkwe akiwa dukani. Siku ya kwanza alikaa kwenye kigoda akangoja joto hadi akahisi meno yanagongana. Akatoka, akasema, "Maji mazuri, asanteni." Angesema nini? Amwambie mkwe habari za bafu? Bora kufa. Wiki tatu nzima alioga maji ya barafu na kusema asanteni, mpaka siku Mutindi alipomkuta jua likiwaka amevaa sweta mbili na kikombe cha chai kinamtetemekea mkononi.

"Mwaitu, kwani maji ni baridi?"

"Ni mazuri."

"Mwaitu!"

"Ni baridi, basi! Umefurahi?"

Mutindi akaingia mbio bafuni kwa mama, akafungua. Bwuuu. Moto wa kunyonyolea kuku. Akamwita mama aguse. Mama akagusa, akautoa mkono haraka. Kesho yake saa kumi akaingia peke yake, na maji yakaja baridi vilevile. Posta ikapeleka habari. Waithaka akatoka dukani, akafungua mwenyewe, bwuuu, akarudi dukani akikuna kichwa. Jioni, baridi.

Hapo Mama Kalondu akaelewa, ama akadhani ameelewa. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mkwe lazima alikuwa na koki yake mahali, anaifunga saa kumi na kuifungua saa kumi na moja. Mtu mpole namna ile anaweza kuficha mengi! Ndipo Jumatatu akalitoa lile neno lake.

Mutindi hakubishana. Alijifunga leso akaenda kumleta Kivuva.

Kivuva alikuwa fundi wa majiko yote makubwa pale Makindu, hata yale ya jikoni kwenye hekalu la Singasinga, ambako wasafiri hupewa chapati na dengu bure. Alikuwa na tumbo la kutangulia na tabia ya kuongea na mashine kama watu wanavyoongea na mbuzi. Jumanne alifika, akanusa huku na huku, akautikisa mtungi kidogo akasikia gesi bado imo. Akaomba maji ya sabuni, akapaka povu kwenye kila kiungo cha bomba. Hakuna kilichotoa kiputo; basi gesi haivuji. Akazima kila kitu, akafungua kifuniko, akazibua vitundu vya moto kwa sindano, akarudisha, akawasha kile kimoto kidogo.

"Haya, mzee, usiniaibishe," akaiambia hita, halafu akafungua shawa ya mama. Bwuuu!

Akanywa chai vikombe viwili, akaaga. Saa kumi mama akaingia. Baridi.

Jumatano akarudi. "Nani amekukemea?" akaiuliza hita. Safari hii alikata maji, akafungua kiungo cha chini, akatoa kichujio kidogo cha waya. Kilikuwa kimeganda chumvi nyeupe, maji ya upande huo yanajulikana. Akakisugua, akabadilisha na washa ya mpira, akafunga. Bwuuu! Mutindi akapiga makofi. Saa kumi mama akaingia, akakaa kwenye kigoda, akafungua.

Baridi. Na safari hii alilia kidogo humo ndani, kwa sababu alikuwa ameanza kutumaini.

Alhamisi Kivuva hakuleta hata bisibisi. Alivuta kiti, akaketi nje ya bafu, mikono juu ya tumbo.

"Leo sigusi kitu," akasema. "Mimi nimetengeneza majiko miaka ishirini, na sijaona moto unaochagua watu. Leo nataka kuona."

"Kuona nini?" mama akauliza.

"Kuona vile unaoga, Mama."

Weee! Mama Kalondu aliitafuta fimbo yake kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono wa pili. "Nikioga? Wewe mtoto wa nani wewe? Huko kwenu hakuna wazee?"

"Mama! Mama, ngoja! Na nguo zako zote! Na sweta juu! Na Mutindi akiwa hapo mlangoni! Mimi nataka kuona mkono wako tu, vile unafungua."

Ilichukua muda na kikombe cha chai kumrudisha bafuni. Mwishowe akaketi kwenye kigoda, sweta mbili, kitambaa kichwani, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Akanyoosha mkono. Akashika mfereji kwa vidole viwili, kama mtu anayechota chumvi, akauzungusha kidogo, kidogo tena, akaacha. Kutoka kwenye shawa ukashuka uzi mmoja wa maji. Uzi hasa, ungeweza kutunga shanga.

Nje, kimoto cha buluu kilikaa vilevile. Hakikuamsha mtu.

Kivuva aliutazama ule uzi muda mrefu. Hakucheka. "Na huwa unafungua mpaka hapo, Mama?"

"Hapo ni siku nikiwa na haraka," mama akasema. "Siku nyingine ni nusu yake."

Mutindi alijifunika uso kwa leso. Yeye mwenyewe alikulia kwenye mchanga ule ule, lakini miaka kumi na mitano ya mifereji ya Makindu ilikuwa imemsahaulisha mkono wa mama yake.

"Sikiliza, Mama," Kivuva akasema, na akavuta kiti karibu. "Ndani ya hii hita mna mpira, umewambwa kama ngozi ya ngoma. Maji yakija na nguvu yanausukuma. Ukisukumwa, unasukuma kijiti, na kijiti ndicho kinafungulia gesi. Maji yakiwa kidogo hivyo, mpira unakaa tu. Unasema huyu hajaanza kuoga, nikifungua gesi nitaunguza mabomba bure. Hita si mbovu. Haijajua kwamba uko."

"Nimelelewa nikiambiwa haba na haba hujaza kibaba."

"Kibaba kitajaa, Mama, lakini moto hautawaka."

Akanyoosha mkono wake mnene akafungua mfereji wote. Bwuuu! Mvua ya moto ikashuka, mvuke ukajaa, maji yakaruka sakafuni yakakimbilia tundu la ukutani. Mama Kalondu akapiga ukemi kama aliyeona mtoto anatumbukia kisimani.

"Funga! Funga! Mulungu wangu, funga!" Na akaufunga mwenyewe, kwa mikono miwili. Sketi ilikuwa imelowa. "Hayo maji yameenda wapi?"

"Kwa shimo tu, Mama, huko nje."

"Kwa shimo!"

Akatoka, akaenda akakaa kitandani kwake. Aibu ilimshika kila mahali. Siku hizo zote alikuwa amemwita yule mwanamume mnafiki ndani ya moyo wake, na Jumapili anashiriki meza ya Bwana! Kumbe hakuna koki iliyofichwa. Ubaya ulikuwa kwenye vidole vyake mwenyewe.

Lakini hata hivyo mkono wake haukukubali. Mutindi alimbembeleza: fungua tu, Mwaitu, maji ya hapa hayaishi, yanatoka kwenye chemchemi.

"Hata ya chemchemi," mama akasema. "Kwa yale yaliyopita hapo sasa hivi, sisi tulikuwa tunapika, tunaoga na kunywesha mbuzi. Niketi juu ya kigoda kila siku nikiyatazama yakienda kwa shimo? Heri baridi. Na kwa baridi magoti yataniua. Basi niende. Mwambie mwenye nyumba nimemkosea moyoni, anisamehe. Na Ijumaa ni kesho."

Kivuva aliondoka bila kumaliza chai yake, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Mutindi alikwenda dukani akamwambia mumewe kila kitu: uzi wa maji, mpira, koki ambayo haikuwepo, shimo. Alirudi jua likielekea kuzama.

"Amesemaje?" mama akauliza haraka, kisha akajifanya anakunja leso.

"Amesema usipande basi na magoti hayo. Kesho atafunga duka akupeleke mwenyewe na pikapu mpaka Tulia."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Mwaitu. Unamjua."

Basi. Hata kumwambia kaa hakumwambia. Mama Kalondu aliweka leso kwenye kikapu, akaweka Biblia juu, akasema ni vizuri, ni vizuri sana, gari ni jambo zuri.

Alfajiri ya Ijumaa aliamshwa na jembe. Kwa! Kwa! Nyuma kabisa ya chumba chake. Akafungua dirisha kidogo. Waithaka, mtu wa spea, na shati lake la dukani, alikuwa anachimba mtaro. Ulianzia pale tundu la bafu lilipotokea ukutani, ukaenda ukipinda huku na huku mpaka kwenye ua, na huko palikuwa na mashimo sita, kila moja na mche wake.

Mama alivaa akatoka. Mutindi alikuwa amesimama pale na birika la chai.

"Anafanya nini huyu?"

"Jana usiku alileta miche ya mipapai. Amesema maji yako yakipita hapa, hakuna tone litapotea. Amesema utakuwa unaoga na kulima pamoja."

Mama Kalondu akasogea karibu. Aliutazama mtaro. Ili asilie akatafuta kosa, na hakukawia kulipata.

"Mwambie mwenye nyumba huo mtaro unapanda mlima."

Waithaka alikuwa hatua nne tu kutoka hapo na masikio yake yote mazima. Aligeuza uso kando, akangoja.

"Amesema mtaro unapanda mlima," Mutindi akasema.

"Muulize nipitishie wapi," Waithaka akamwambia ua.

"Ameuliza apitishie wapi."

"Kushoto kwa lile jiwe! Maji hayapendi kulazimishwa. Na azidishe kina hapo kwa mche wa pili. Watu wa mito, wanaona maji tangu wazaliwe na hawajui yanavyotembea!"

Mutindi alianza kurudia, lakini jembe lilikuwa limeshahamia kushoto kwa jiwe. Mabega ya Waithaka yalikuwa yanatikisika, na si kwa kuchimba peke yake.

Alipomaliza alikwenda kunawa na kuandaa gari, kwa sababu yeye pia akisema amesema. Mama akachukua taulo. Akaingia bafuni, akakaa kwenye kigoda. Mkono ukaenda kwenye mfereji, vidole viwili, kama kawaida. Akavitazama. Akaongeza kile cha tatu, akaongeza kiganja kizima, akafumba macho, akazungusha mpaka mwisho.

Bwuuu!

Maji ya moto yalimshukia mabegani, mgongoni, magotini, hasa magotini, na Mama Kalondu akacheka kwa sauti peke yake. Ee Mungu! Kumbe ndivyo kulivyo! Magoti yalilegea kama ugali uliofunikwa. Aliimba beti mbili za wimbo wa kanisa, wa tatu akausahau kwa utamu. Alipofunga mfereji alikuwa anang'aa na ana njaa.

Alitoka na kitambaa kichwani, na jambo la kwanza hakutazama mtu, alitazama mtaro. Maji yalikuwa yamepita jiwe. Mche wa kwanza umekunywa, wa pili umekunywa, na ulimi wa maji ulikuwa unaingia kwenye shimo la tatu ukitoa mvuke.

Pale langoni pikapu ilikuwa inanguruma, kikapu chake kimeshapakiwa nyuma na kufungwa kwa kamba. Waithaka alikuwa kwenye usukani, ametazama upande wa barabara kwa heshima. Mutindi alikuwa kando ya mlango, macho yamevimba.

"Mwambie..." Mama Kalondu akaanza, halafu akaacha. Akampita binti yake. Akatembea mwenyewe mpaka dirishani kwa dereva, bila fimbo, akashika kioo kilichoteremshwa.

"Zima gari, mwanangu," akasema. "Petroli haimwagilii mipapai."

Waithaka akamgeukia, akazima.